Njia Zangu Zote Zinakwepa Ziwani

Jumapili. Baridi ya Julai, na mawingu yale ambayo hayanyeshi wala hayaondoki.

Mnaokuja hapa kwenye blogu kutafuta njia za baiskeli zisizo na magari, leo sina njia mpya ya kuwapa. Nina jambo lingine, na nikilisubirisha hadi Jumapili ijayo najijua, nitalimeza tena.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni masanduku ya bati hapa Shauri Moyo, yale watoto wanayobeba wakienda shule za bweni. Siku sita nagonga bati mpaka masikio yanalia. Ya saba naendesha baiskeli mahali pasipo na honi: kando ya reli, kando ya mto, chini ya nyaya kubwa za stima, na vichochoro vya nyuma ya mitaa ambavyo hata lori la taka haliingii. Mnanisifu sana kwenye maoni, na mimi napenda sifa, sikatai. Lakini kuna msomaji mmoja aliwahi kuniuliza mbona njia zangu zote zinakwepa mtaa wa Ziwani, na ni karibu tu. Nilimjibu kwamba huko kuna matope.

Ziwani hakuna matope. Ziwani anaishi mama yake Kariuki.

Kariuki alikuwa karani, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi, na rafiki yangu wa kila Jumapili kwa miaka sita. Mimi mbele, yeye nyuma. Mimi nina macho makali, yeye alikuwa na mdomo, kwa hivyo mpangilio huo ulitufaa. Sisi waendesha baiskeli tuna desturi yetu: wa mbele ndiye anaona kwanza, kwa hivyo anapaza sauti. "Shimo!" "Chupa!" "Mbwa!" Wa nyuma anarudia ili ijulikane amesikia. Mkifika mahali pa kuvuka barabara, wa mbele anatazama kulia na kushoto, na kama ni salama anasema, "Wazi!" Wa nyuma hatazami. Anafuata sauti.

Kila kikundi kinafanya hivyo, na kosa lake ni dogo sana. "Wazi" ni ya yule aliyeisema. Anayemfuata anafika pale sekunde tatu au nne baadaye, na barabara haikumsubiri.

Njia yetu ya Njiru haina magari kabisa, ila mahali pamoja tu, pale unapovuka Kangundo Road ili uingie njia ya machimbo ya mawe. Ni hatua kumi na nne. Nimezipima.

Miaka miwili iliyopita nilisema "Wazi!" nikavuka. Ilikuwa wazi kweli. Nyuma yangu nikasikia gurudumu lake, tik-tik-tik, ule mlio wa baiskeli mtu akiacha kukanyaga pedali. Halafu nikasikia pikapu.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Watu walijaa, wakaniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Sijui, mimi nilikuwa mbele. Aliingia tu barabarani." Niliwaambia polisi hivyo. Nikamwambia Nyambura, mke wake, hivyo hivyo. Kwenye matanga kule Ziwani mama yake alinikaribisha ndani, akanipa chai, akaniuliza mwanawe alikufaje. Nikamwambia aliingia tu. Wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa, wakasema vijana wana haraka. Kariuki, ambaye alikuwa anashuka kwenye baiskeli ili kuku apite! Nilisikia hayo yote, nikamaliza chai yangu.

Tangu siku hiyo nafuatwa.

Siongei mambo ya majini, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nikiwa peke yangu kando ya reli nasikia tik-tik-tik nyuma, hatua chache tu. Nageuka, hakuna mtu. Mara nyingine najikuta nimeita "Shimo!" na nimepunguza mwendo, nangoja mtu arudie.

Alhamisi Nyambura akaniandikia: "Shem, huwa nasoma blogu yako. Jumapili nipeleke ile ya Njiru. Nitakuja na baiskeli yake."

Niliandika visingizio vitatu, nikavifuta vyote. Nikajibu sawa.

Leo asubuhi alifika kibandani kwangu akiwa na helmeti ya Kariuki, na kiti cha baiskeli amekishusha kifike kimo chake. Magurudumu amejaza upepo mwenyewe. Akanisalimia kwa uchangamfu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Tukaondoka, mimi mbele. Tulipofika ule mteremko wa kando ya reli akaacha kukanyaga.

Tik-tik-tik.

Jamani! Miaka miwili nimekuwa nikigeuka na kukuta hakuna mtu. Leo niliogopa kugeuka kwa sababu yupo.

Nyambura alifurahia safari, na hilo ndilo lililonimaliza. Pale barabara ya Outering tulibeba baiskeli mabegani tukapanda daraja la miguu, akacheka mpaka akashindwa kupanda. Chini ya nyaya za stima akawasalimu mbuzi. Nilipoita "Shimo!" akarudia "Shimo!" bila mtu kumfundisha, akilivuta neno kama Kariuki kabisa.

Kisha tukafika Kangundo Road.

Nilisimama. Akasimama nyuma yangu. Magari yalikuwa machache, mara moja au mbili barabara ikawa tupu kabisa, na mimi nimeganda pale na mguu mmoja chini.

"Shem, si useme?"

"Niseme nini?"

"Wazi. Kariuki alikuwa ananiambia hiyo story. Alikuwa anasema ukishasema wazi, yeye hata haangaliangi."

Nililaza baiskeli yangu kwenye nyasi. Nikamwambia yote, nikitazama lami, sikuweza kumtazama yeye.

"Uliangalia?" akauliza.

"Niliangalia. Kwangu ilikuwa wazi."

"Sasa mbona ukasema aliingia tu?"

Nilikuwa na miaka miwili ya maelezo kichwani, nimeyapanga vizuri. Yalipotoka yalikuwa neno moja.

"Niliogopa."

"Shem, unajua nimemkasirikia huyu mtu? Miaka miwili. Watoto wakiniuliza nawaambia baba yenu hakuwa makini. Nimeenda mpaka kaburini nikamgombeza, ati alituacha juu ya haraka zake. Sikulia hata siku moja, nilikuwa na hasira tu. Kumbe alikuwa anakuamini wewe!"

Akaketi kwenye jiwe kando ya barabara akalia. Hakuwa ananililia mimi wala kunilaumu. Alikuwa anamwomba mumewe msamaha. "Pole Kariuki. Pole baba. Woi, pole." Sikumgusa. Sikuwa na haki ya kumfariji, kwa sababu kilio hicho mimi ndiye niliyemnyima.

Baadaye akajifuta uso na mkono wa sweta, akainuka.

"Mamake utamwambia wewe. Si mimi, si simu. Uende umwangalie kwa macho."

"Nitaenda."

"Na usinifuate."

Akageuza baiskeli, akarudi kwa njia tuliyojia. Niliusikiliza mlio wa gurudumu lake mpaka ukaisha, nikabaki na magari.

Nilirudi peke yangu mchana. Nyuma yangu sikusikia kitu. Nilidhani nitafurahi, lakini nililia kutoka Kayole mpaka relini, jitu zima na helmeti kichwani.

Tuna desturi nyingine: kila mmoja akifika kwake anaandika. Saa tisa simu ikalia. "Nimefika." Basi. Hakuna shem. Sijidanganyi kwamba huo ni msamaha, lakini aliandika, na nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Nimebadilisha maelezo ya njia ya Njiru. Pale pa kuvuka sasa nimeandika: shuka, kila mtu aangalie mwenyewe, mtu asimwitie mwenzake. Na wewe msomaji uliyeuliza habari za Ziwani, nilikudanganya. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imezunguka Eastlands yote, lakini naona nayo imefika mwisho.

Kesho sifungui kibanda. Nitaenda Ziwani asubuhi, kwa miguu, kwa barabara ya moja kwa moja. Namjua yule mama. Atanikaribisha ndani, ataniita mwanangu, ataniwekea chai. Safari hii sitaigusa kabla sijasema.