Miba ya Changu Kwenye Karo la Bibi

Alhamisi, 1956

Na mimi ndiye mwalimu wa karo! Mimi niliyepika melini mpaka Bombay, ninayewaambia watoto wote wa nyumba hii: futeni mafuta kwa jivu kwanza, wali usipite, maganda yaende pipani.

Leo karo limeziba, maji machafu yamejaa jikoni. Fundi bomba akaingiza waya, akavuta, akacheka. "Juma, bamia zenu siku hizi zina miba?"

Miba ya samaki changu. Katika nyumba ya Wahindi wasiogusa hata yai! Jumapili walipokwenda hekaluni nilikula samaki wangu wa soko la Feri humo humo jikoni, na kwa kuogopa kuacha miba pipani nikaisukuma kwenye tundu la karo.

Tajiri wangu akanitolea macho. Mama yake, Bibi, akanikinga. "Juma hapana fanya hivyo. Mimi najua yeye. Paka hiyo, naingia dirishani."

Nami, bingwa wa maneno, nikajibu, "Ndiyo, Bibi. Paka."

Bibi hakula kutwa nzima, kwao jiko limeingia najisi. Amesugua kila sufuria kwa jivu, na mgongo wake ule mbovu. Niliponyoosha mkono nimpokee akasema, "Wewe pumzika, Juma. Umechoka na maji ile."

Afadhali angenipiga.

Na yule paka ambaye Bibi alikuwa akimpa maziwa kila asubuhi, amemfungia dirisha. Nimemsikia akilia nje mpaka naondoka.

Kesho, kabla Bibi hajawasha moto, nitalifungua dirisha mwenyewe. Ataniuliza kwa nini, na hapo...

Hapo nitamwambia.