Sinia la Bwana Harusi

Moroni

Dada yangu Zuhura,

Kwa heshima na taadhima, naitangazia Pemba nzima kwamba mdogo wako, fundi cherehani, sasa ni mkulima wa mpunga. Ukimaliza kucheka nijibu: goti lako limepoa? Bonde letu limeshika maji? Mimi na wifi yako tu wazima. Kazi ipo, wale askari wa Kizungu wa rais wananenepa, nami nawapanulia suruali.

Mambo yalianza Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwa wakwe zangu. Huku mume ndiye anayehamia kwa mke, na sinia la kwanza analowekewa huzungumzwa miaka. Basi mama mkwe akatamka mbele ya wanawake wa mtaa kwamba binti yake mdogo akiolewa, bwana harusi hatawekewa mchele wa meli. Atakula mpunga wa shamba lao. Ukishasema hivyo mbele ya wanawake wale, dada, heri uugue kuliko kushindwa.

Sasa baba mkwe, mfanyabiashara wa zamani anayejua Kiswahili, hupanda baada ya Maulidi. Baba yake alifanya hivyo mwaka mmoja akavuna mpaka akagawa, ikawa sheria. Nikamwambia, "Baba, Maulidi yanarudi nyuma kila mwaka. Mvua hairudi nayo."

Akanitazama kama mteja aliyeharibiwa suruali. "Unataka niwaambie watu Maulidi yameahirishwa?"

Akausia mpunga wake mlimani. Kikaja kijimvua cha kudanganya, mpunga ukaota, ukapendeza, kisha jua likauchoma wote.

Hapo nami nikajitia utaalamu. Huku Moroni hatuna mto hata mmoja, tunakunywa maji ya mvua birikani, lakini mimi ni Mpemba, nani ataniambia kitu? Nikanunua mbegu sokoni Volovolo, nikavuka nazo bahari. Kizuizini askari mmoja alitumbukiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akatafuna punje, akatema, akaniruhusu. Nikapanda upya shamba lile la mlimani. Nilichelewa. Mpunga ulipobeba mimba mvua ikakata. Masuke yakasimama wima kama askari, na wewe unajua suke lililosimama wima lina nini: mapepe matupu.

Baba mkwe alifurahi vibaya. "Wangu uliuawa na jua," akasema. "Wako umeuawa na fundi."

Mama mkwe wakati wote alikuwa na lake. Kumbe mvua iliposhika sawasawa, yeye alipanda kipande kidogo kando ya kijito, akayageuza maji kwa mawe machache. Mvua ilipokata, mpunga wake haukuwa na habari. Alimwambia mumewe neno moja tu, wifi yako akanifasiria: "Wewe tazama mwezi, mimi natazama kijito."

Akavuna kikapu kimoja. Kilitosha sinia moja, hilohilo. Siku ya harusi alilisindikiza mwenyewe hadi mlangoni, amejifunga shiromani mpya, vazi lao la heshima, na wanawake wa mtaa wakanusa, wakampisha. Sisi wengine tulikula wa meli, nami sikumbuki kushiba vizuri hivyo.

Msalimie mama mdogo anayenilindia mnazi wangu, na shemeji, mumeo, mwambie kofia yake naishona.

Ni mimi mdogo wako,
Hamadi

Nilisahau: bwana harusi hali wali. Aliomba muhogo.