Dawa ya Kunyamazisha Moteri

Mjukuu wangu Kezia,

Huku Gasenyi tupo. Mama yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Mi ndiye situlii tangu uniulize kama utie dawa nzito kwenye oili ya gari lako kuukuu.

Gari la kaka yangu lilikuwa likigonga ndani ya moteri. Fundi mmoja wa mtaa wa Rohero akalitia dawa hiyo, likanyamaza, tukashangilia. Tulipopanda mlima kwenda Bugarama, moteri ikafa kimya kimya, bila kutuonya. Apana, Kezia! Weka oili mpya ya unene wake wa kawaida, halafu fundi asikilize kinachogonga.

Na we, nikikupigia simu unajibu "niko sawa" haraka mno. Dawa gani hiyo umejitilia, mutoto wangu?

Babu yako, anayengoja kelele zako.