Nne-Tatu, Anwani ya Kiti Chako

Umetimia mwaka mmoja, Mwalimu wetu, tangu ulipotoka nyumbani na kamba yako umeiviringisha mfukoni, ukasema unakwenda hospitali mara moja tu, chai isiondolewe jikoni. Chai ile ilikauka, sufuria ikaungua, na mpaka leo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuisugua.

Wodini, kabla hata hujapimwa, ulimwomba muuguzi akuhesabie vitanda. Akashangaa.

"Mama, umekuja kuugua au kufanya ukaguzi?"

"Mume wangu haoni," ukamjibu. "Nataka anwani yangu nimpelekee."

Ukamtumia: kutoka mlangoni tambaa vitanda vitano, kisha simama, safu ya pili. Fundi mumeo akawa anakuja peke yake na fimbo yake, anakufikia bila kuuliza mtu. Hata asubuhi ile alifika. Alitambaa vitanda vitano, akasimama safu ya pili, akanyoosha mkono. Akakuta godoro halina shuka, bado lina unyevu wa dawa ya kufutia. Akadhani amekosea kuhesabu. Akarudi mlangoni, akaanza upya. Aliurudia mwendo huo mara ngapi hatujui. Muuguzi ndiye aliyemshika mkono.

Wasiokujua watauliza, kutambaa huko ni kutambaa gani? Basi na wasikie.

Vitabuni somo lile lina jina gumu la kuvunja ulimi. Wewe uliwaambia watoto ni anwani tu, na kila kitu duniani kinayo. Ulivuta kamba sakafuni darasani, nyingine zimelala, nyingine zinazikata, mpaka sakafu ikawa kama wavu, kila kamba na namba yake. Ukiweka kifuniko cha chupa mahali, mtoto akitaje kwa namba mbili. Ya kwanza, unatambaa kufuata ukuta. Ya pili, unasimama, unaingia ndani.

"Mtoto mchanga anaanza na nini?"

"Anatambaaa!"

"Halafu?"

"Anasimamaaa!"

Kelele zile zilikuwa zinawatoa ndege kwenye paa. Mumeo aliapa kwamba kuna kunguru mmoja alibaki miaka mitatu, na alipohama alihama kwa kutambaa kwanza. Shule nzima ikakubandika jina la Bi Kamba, nawe ukalipokea kama cheo.

Tunaikumbuka ile ramani ya shule mliyoijenga kwa udongo, vijiti na maboksi ya dawa ya meno. Mwalimu mkuu alikuja kuikagua, mikono nyuma. Akainama. Akakaa ameinama muda.

"Bi Kamba, mbona ofisi yangu iko chooni?"

"Haiko chooni, Mkuu. Huyu binti amesimama kabla ya kutambaa."

Darasa likaanguka chini kwa kicheko, na Mkuu mwenyewe akalifuata. Binti huyo, yule mliyemwita Pengo kwa ajili ya meno yake ya mbele, aliinyanyua ofisi kwa vidole viwili, akaipuliza vumbi kwa heshima, akaihamisha. Hukumkaripia. Hukuwahi kumkaripia mtoto aliyekosea njia. Ulimrudisha sifuri, akaanza tena.

Na mumeo je? Fundi redio asiyekuwa na cheti, aliyejifunza kazi kwa kuzifungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kila mgeni alipoketi: eti aliwahi kutengeneza redio ikawa inasoma habari za kesho. Mwenye redio akairudisha siku ya tatu, amenuna, kwa sababu imemtangazia kuwa mama mkwe anakuja kukaa mwezi mzima. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari. Hukuinua hata kichwa.

"Punguza chumvi, mzee."

Hapo ndipo na yeye aliponoga. Uongo wake ulihitaji sauti yako uishe vizuri.

Presha ya macho ilipomjia, ilimla pembeni kwanza, kisha katikati, akabaki na weupe wa dirisha, halafu nao ukazima. Akakaa kitandani, akasema hatoki tena pale, aletewe kila kitu kama maiti. Wewe hukubishana naye. Jumamosi ukaja na darasa zima.

Ulipiga msumari nyuma ya mlango, ukapinda, ukauacha hivyo hivyo. "Hii ndiyo sifuri," ukasema. Watoto wakajifunga vitambaa machoni, wakavuta kamba kutoka msumarini, wakapima nyumba yote kwa kupapasa. Pengo aligonga kabati kwa paji la uso akaliomba radhi. Kisha mkatengeneza ramani ya vidole: ubao mwepesi, kamba zimegundishwa juu yake, njiti za kiberiti ni kitanda, mchanga ni jikoni, vifungo vya shati ni viti. Kiti chako kilipewa kifungo kikubwa cha koti. Nne-tatu. Tambaa nne, simama tatu, hapo utamkuta Mwalimu na madaftari yake.

Hata rafu ya jikoni ulimgawia. Chumvi tatu-mbili, sukari mbili-tatu. Siku ya kwanza alisimama kabla ya kutambaa, akatia chumvi kwenye chai ya wageni.

"Wewe chumvi huhitaji anwani yake," ukamwambia. "Unayo mdomoni."

Alicheka mpaka akakohoa. Wiki ile akatoka kitandani.

Sasa tukuambie yaliyotupata, maana hatuna mwingine wa kumwambia.

Tangu ulipoondoka, mumeo anasema kweli tupu, nasi tunaogopa. Mgeni akija na kumuuliza hali, anajibu hali yake ilivyo. Usiku na mchana ubao wako ulikuwa mapajani, kidole kwenye kile kifungo cha koti. Ubao wenyewe ukaanza kuchakaa chini ya mikono yake. Mchanga ulidondoka. Njiti zikavunjika. Kifungo nacho kikabanduka, kikapotelea chini ya kitanda, na alichobaki kukigusa ni kovu la gundi.

Halafu ikaja zamu ya nyumba. Unajua ilikuwa ya shule, si yetu. Mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kukopa.

"Fundi, mwalimu mpya ana watoto watatu. Wanalala sebuleni kwa shemeji yake. Nimemzuia kadiri nilivyoweza."

"Najua, Mkuu."

"Sikufukuzi, Fundi."

"Najua hunifukuzi. Ila nikitoka humu sitajua alipo."

Mkuu akaenda zake bila kumaliza chai, na hatukumlaumu.

Binti yako mshonaji akasema ana chumba nyuma ya duka lake la cherehani. Wakavutana siku kadhaa, wote wawili wana kichwa kigumu, na wote tunajua kimetoka upande gani.

"Baba, kwangu utakaa vizuri."

"Kwako sijui hata mlango unafungukia wapi."

"Utajifunza."

"Nani atanifundisha?"

Binti yako akaenda kukunja nguo.

Siku ya kuhama, vitu vyote vilipokwisha kutoka, mumeo aliomba koleo. Akapapasa nyuma ya mlango, akaung'oa ule msumari uliopinda, akautia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Chumba kipya ni chembamba, Mwalimu. Yeye akakataa kukijifunza. Kila alipoamka alisimama mlangoni, akaanza safari ya nyumba ile ile ya zamani. Tambaa moja, mbili, tatu, akafika ukutani. Akarudi. Moja, mbili, tatu. Ko. Binti yako upande wa pili, mguu kwenye cherehani, alisikia kila kitu.

"Baba, hapo ni ukuta!"

"Najua ni ukuta!"

Na baada ya muda: ko.

Paji la uso likafanya kidonda. Chakula akawa anabakiza nusu, baadaye anakirudisha kizima, amekifunika kwa adabu. Suruali ikaanza kumtoka kiunoni. Dada yako, yeye ambaye ameuguza watu maisha yake yote, alimpima mkono kwa macho, akatutazama. Tuliona tunakuzika mara ya pili.

Ndipo binti yako alipofunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda shuleni kwako akasimama mlangoni mwa darasa akalia mbele ya watoto wa watu.

Walikuja Jumamosi moja mwezi uliopita, na kamba zako. Wamekuwa wakubwa. Pengo meno yameota yote, jina limebaki. Akachuchumaa mbele ya mumeo.

"Shikamoo Babu. Sifuri tuiweke wapi?"

Watoto wakamngoja kama ulivyowafundisha kungoja. Mwishowe akafungua kifungo cha mfuko, akatoa msumari.

"Nyuma ya mlango. Usawa wa bega lake."

Ni sisi tu tunaojua bega lako lilifika wapi. Binti yako alipiga nyundo, msumari ukapinda tena, akarudi kwenye cherehani kwa sababu ana sare za watu na macho yake hayakutaka kutazama zaidi.

"Nihesabieni nne-tatu," mumeo akasema.

"Babu, tatu tu ndiyo ukuta."

"Basi tobolea."

Watoto wakagawana. Wengine walibaki chumbani, wengine wakazungukia dukani na mwisho wa kamba, wakawa wanapigiana kelele kupitia ukutani.

"Ukuta uko tatu! Nyie endeleeni na nne!"

"Tumepata nne!"

"Sasa simameni tatu!"

"Moja! Mbili!" Kisha hatukusikia ya tatu.

"Vipi huko?" mumeo akaita.

Pengo ndiye aliyerudi kumjibu, anazungumza polepole. "Babu, nne-tatu imeangukia kwa Anti. Kwenye kiti chake. Hapo anaposhonea."

Cherehani ikanyamaza.

Mumeo akaikamata kamba. Aliifuata kwa mkono, akatoka mlangoni, akazunguka, akaingia dukani, sisi sote tukimpisha kama anayepita na kitu cha kumwagika. Alifika. Akagusa bega, akagusa sikio, akapandisha vidole kwenye nywele.

"Si yeye," akasema.

"Si yeye, baba."

Akaketi palepale chini kando ya cherehani akalia kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo. Watoto wamesimama na kamba mikononi, hakuna anayejua aachie au ashike.

Halafu, akiwa bado pale chini, akasema:

"Niliwahi kutengeneza redio ya mtu, ikawa inashika sauti za waliokwisha kuondoka. Asubuhi mpaka usiku, wanaongea tu, wanaulizia watu wao. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikairudisha kwa mwenyewe."

Binti yako alikuwa ameinamia pindo la sare. Hakuinua kichwa.

"Punguza chumvi, mzee," akasema.

Mumeo aligeuka upesi, sikio mbele, kama mtu aliyeitwa kutoka barabarani. Akangoja. Neno lile halikurudiwa.

Jioni ile alikula. Kidogo, lakini alikula. Chai alitia chumvi kwa sababu rafu mpya bado haijapewa namba, akainywa yote bila kusema.

Hatutakuambia kwamba amepona, maana wewe ungetutazama juu ya miwani. Kila asubuhi sasa anagusa msumari, anafuata kamba, anazunguka mlango mpaka kwenye cherehani, anaweka mkono begani. "Si yeye," anasema. "Si yeye, baba," anajibiwa. Ndipo anaomba chai. Binti yako anasema siku hizi asipokuja na yeye hawezi kutia uzi kwenye sindano.

Ulituachia anwani ya kila kitu, Bi Kamba, mpaka ya chumvi. Yako hukuiacha. Tunatambaa, tunasimama, tunanyoosha mkono, na kila mahali ni lile godoro.

Wanaokulilia ni mumeo Fundi, ambaye bado anaweka sikio dirishani Jumamosi, binti yako mshonaji na mumewe dereva, mwanao wa mwisho aliye mbali, anayepiga simu na kunyamaza, dada yako muuguzi, wajukuu zako wanne, Mkuu wako, Pengo na darasa lote la kamba.

Hatutakusahau hata siku moja. Popote tuendapo, tunaanza kuhesabu kutoka kwako.