Chumba cha Mizani, Mponde

Shangazi Rehema, shikamoo.

Huku Mponde baridi haina mchezo. Nimevaa sweta lako juu ya sare ya uuguzi. Lakini leo nina furaha, lazima uisikie wewe kwanza.

Wagonjwa wetu wa akili walikuwa wanaacha dawa kwa sababu hospitali iko mbali. Tukawaomba wakulima wa chai chumba kwenye kituo chao cha kupimia majani. Mwenyekiti wao, Mzee Shemboza, akakataa katakata. Sheikh na mchungaji wakamwendea pamoja, mara tatu, hadi akakubali kutupa Jumanne moja kila mwezi.

Leo ndiyo Jumanne ya kwanza. Mimi na daktari tulikaa asubuhi nzima bila mgonjwa hata mmoja. Nikaanza kufunga masanduku ya dawa. Mara akaingia Mzee Shemboza mwenyewe, amemshika mkono mwanamke wa makamo.

“Huyu ni binti yangu, Amina,” akasema kwa sauti, wachumaji wote wasikie. “Nimemficha ndani miaka mingi kwa kuogopa maneno ya watu. Mwenye mgonjwa nyumbani akamlete.”

Kisha mama mmoja akatua tenga lake, akaondoka mbio kuelekea kwake. Wengine wakafuata. Kufika alasiri walikuwa wamerudi na wagonjwa wao hadi viti vikaisha, tukatandika magunia.

Amina amekula viazi vyangu vyote vya kuchemsha, shangazi, akaniomba vingine!

Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Mwanao,
Saumu