Mgeni Kwenye Gari Langu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Matilda Anaeli Mushi
Umri: Miaka 54
Kabila: Mchaga
Dini: Mkristo
Kazi: Kuuza vitenge kwa jumla, Kariakoo
Makazi: Upanga, Dar es Salaam

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwamba mtu mliyemweka ndani si mwizi. Nimeshalisema hili mapokezi, nimelisema koridoni, sasa naomba liandikwe.

Mnamo tarehe 14/03/2024, majira ya saa sita mchana, niliegesha gari langu dogo jeupe Mtaa wa Msimbazi. Rimoti ilikuwa inasuasua, mpaka uibonyeze kwa hasira ndiyo ifunge. Nikanunua betri mpya kwa machinga, nikaibadilisha mwenyewe dukani kwa ncha ya mkasi wa vitenge. Kurudi garini, nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya.

Nikampigia mume wangu, Robert. Akasema, "Geuza betri." Nikageuza. "Ifute." Nikaifuta kwa khanga. "Ipulizie." Jamani, nimesimama juani naipulizia rimoti kama napoza uji wa mtoto! Mwishowe akasema, "Si ufungue kwa ufunguo tu?" Nikafungua. Alamu ikalia, mtaa mzima ukanigeukia.

Hapo ndipo nilipomwita Mgeni. Mgeni ni jina lake. Anaitwa Mgeni Rajabu, fundi wa saa na rimoti, meza yake iko jirani na duka langu, ni mtu mzima mwenye familia na tunafahamiana miaka mingi. Wazazi wake ndio waliompa jina hilo, msiniulize mimi.

Mgeni aliifungua rimoti, akaitazama, akasema, "Mama Bryson, betri nzima hii. Rimoti imelisahau gari tu. Ngoja niitambulishe upya."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi anakaa kiti cha dereva, anachomeka ufunguo, anachomoa, anafungua mlango, anaufunga, anachomeka tena. Ukikosea mpangilio unaanza upya, na Mgeni alianza upya sana. Muda wote huo alamu inapiga kelele. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikavuka barabara nikakae kibarazani, simu sikioni, Robert bado ananielekeza.

Akaja Samson, anayeuza mikoba pale kibarazani. Akaniuliza, "Mama, yule kwenye gari lako nani?"

Nikamjibu, "Mgeni."

"Mgeni?"

"Ndiyo, Mgeni! Niache niongee na simu."

Ndivyo nilivyosema, sikuongeza neno. Samson akapiga ukelele, "Mwizi! Mwizi wa gari!" Kabla sijakata simu, wabeba mizigo na wauza viatu walikuwa wameshamvuta Mgeni nje kwa shati. Nilikimbia nikipiga kelele, "Ni Mgeni huyo! Mgeni jamani!" Mungu wangu, kila nikitaja jina lake ndivyo walivyozidi kumpiga. Mmoja akanijibu, "Tumeshamjua mama, tulia!" Ilibidi nimlalie kwa mwili wangu ndipo wakaacha. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafumba na damu ilikuwa inamtoka puani.

Samson alisema, "Samahani mama, tulikuwa tunakulinda." Nilimtukana. Tusi lenyewe naomba lisiandikwe.

Askari wa doria walifika wakamchukua Mgeni. Mmoja aliniuliza, "Unamfahamu?" Nikasema namfahamu vizuri, ni Mgeni. Akacheka, "Sasa mama, Mgeni unamfahamuje?" Mimi sikucheka. Nimefuatana nao hadi hapa na tangu hapo yeye yuko mahabusu, mimi niko benchi, hakuna aliyemtazama jicho. Mnaniambia tumsubiri mkuu. Mkuu akija atakuta jicho limekufa. Mtu huyo anategemea macho, anashika vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Mimi ndiye niliyemwita pale, na siondoki bila yeye.

Niliyoyaona na kuyatamka kwa kinywa changu ni hayo, sipunguzi hata moja.

Sahihi ya shahidi: M. A. Mushi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Anselmi, na kumsomea shahidi. Ameyakubali baada ya kunitaka nirekebishe neno "mgeni" liwe na herufi kubwa kila mahali. Nimewasiliana na mkuu wa kituo kwa simu. Mgeni Rajabu ametolewa mahabusu saa 10:40 jioni na kupewa fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Alipofika mapokezi alimwuliza shahidi, "Mama Bryson, gari limeitika?"