Moto Ulikuwa wa Njano, Shomari

Mtani wangu Shomari,

Usishtuke kuona mwandiko wa Mnyamwezi. Ulipozikwa kwenu Kisarawe mimi nilikuwa huku Doha, ruhusa sikupata, na mazishi ya Mzaramo bila mtani wa kulizuia jeneza na kumtukana marehemu kidogo ni mazishi nusu. Wameniambia ulizikwa kimya kimya. Basi ngoja nikutanie kwa kalamu. Uliaga unakwenda likizo, ukaona tamu, ukaamua kubaki hukohuko moja kwa moja, kazi ukaniachia mimi. Kwa uvivu nyinyi watu hamna mpinzani.

Nyumba ya Al Thumama uliyokuwa unaitunza nimeirithi. Baba, bosi wetu, aliponiuliza kama ile hita ya gesi naiweza, nilimwambia kwetu Tabora nilikuwa nauzima moto wa msituni kwa kuukaripia tu. Alicheka, akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma inamokaa.

Wewe unajua nilichokuwa najua. Nilijua kukuangalia. Baridi ikikaribia, ulikuwa unatoa filta iliyojaa vumbi la jangwa unaweka mpya, unapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba kuona kama gesi inavuja, halafu unachuchumaa mbele ya kile kidirisha cha kioo unausalimia moto: "Umeamkaje, mzee?" Mimi nacheka, nasema Mzaramo hata jiko analiamkia. Ukanijibu bila kugeuka: "Cheka, Mnyamwezi. Moto mzima ni wa buluu na umetulia. Ukiukuta wa njano, unayumba kama mlevi, usiuulize kitu. Zima, fungua madirisha, toa watu."

Mwaka huu baridi imetuvamia. Asubuhi moja upepo ulikuwa unakata masikio, Baba akawasha hita mwenyewe kwa swichi ya ukutani ili Bibi, mama yake, asitetemeke, akaenda zake kazini. Filta haijabadilishwa, bomba halijakaguliwa. Nami nimekwama njiani kutoka Al Mansoura ninakolala, maana wanachimba njia ya metro, treni ya chini ya ardhi, na kila barabara wameigeuza shimo. Nilipofika, Wanza alinipokea mlangoni kashika paji la uso. Wanza humjui, alikuja baada yako. Ni binti wa Machakos, ndiye anayemtunza Bibi.

"Mjomba, kichwa inaniuma vibaya. Na Bibi amelala tu kwa kiti, chai hata hajaguza."

"Umekesha na simu wewe," nikamwambia. "Na chai yenyewe umepika ya Kikamba, nani ataigusa?"

Hakucheka. Mtoto yule hunicheka hata nikipiga chafya. Nikanusa huku na huku. Gesi ikivuja inanuka yai viza, hilo kila mtu analijua, lakini hapa hapakuwa na harufu yoyote. Hewa safi kabisa. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa unachuchumaa, nikaenda chumba cha nyuma.

Moto ulikuwa wa njano, Shomari. Unayumba, unalamba kioo, umekipaka masizi.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilifunga koki ya gesi, nikazima swichi, nikafungua kila dirisha nililolipita, Wanza nikamsukumia uani, Bibi nikamtoa na kiti chake cha magurudumu na blanketi juu. Baridi ya nje ilimpiga usoni akafumbua macho, akaniita punda kwa Kiarabu. Siku niliyooa sikufurahi hivyo. Gari la wagonjwa lilikuja, wakawekewa hewa ya oksijeni wote wawili. Daktari alituambia moto wa namna ile hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inakulaza tu, na wangeendelea kulala kidogo tu wasingeamka.

Fundi wa gesi alipopanda juu ya paa alikuta bomba la moshi limeziba. Moshi umekosa pa kutokea, umerudi ndani. Alichomoa vijiti, manyoya na mchanga ulioshindiliwa kama saruji. Vijana wa Al Mansoura nimewasimulia kwamba alikuwa mwewe, mabawa yake yanafunika basi zima. Wewe nakuambia kweli: njiwa. Njiwa alijenga kiota kiangazi kizima bila ya kumkosea mtu, na nyumba ya watu ikakaribia kulala isiamke.

Sasa ukutani kwa Bibi kuna kidude cheupe, hewa ile ikija kinapiga kelele, na fundi atakuwa anakuja kila mwaka kabla hatujawasha.

Bibi aliporudi kutoka hospitali alikataa hita kuwashwa mpaka uitwe wewe. "Wein Shomari?" Yuko wapi Shomari. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikamwambia mimi, na Kiarabu changu unakijua. Akaonyesha kwa kidole: nipeleke chumba cha nyuma.

Miaka yote ile hita inampasha joto, hajawahi kuuona huo moto. Niliuwasha. Ukatoka wa buluu, ndimi zimejipanga mstari mmoja hazitikisiki, zinavuma taratibu kama mtu anayepumua usingizini. Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kitu kinachoua na kinachotuhifadhi ni hikihiki, na kilikuwa kimetulia mbele yetu kama maji. Akaniuliza jina la baba yako. Nikasema Pazi. Akainua mikono, akakuombea, Shomari bin Pazi, dua ndefu. Mimi niliyezaliwa naongea, nikaitikia amina tu.

Nakuahidi: kila asubuhi ya baridi, kabla sijanywa chai, nitachuchumaa pale nitazame rangi yake. Wanza nimeshamfundisha, siku nisipokuwepo atatazama yeye. Lala salama, mtani. Bibi hajambo. Leo amegomba na sisi kwamba joto limezidi.

Maganga